Eugène Christophe, fundi wa kufuli mwenye alibeba kinga yake begani

Watu wa mchezo wa kinga, yaani baiskeli, kule Ufaransa wanamkumbuka Eugène Christophe juu ya vitu viwili: uma wa chuma wenye ulivunjika, na shati ya manjano. Vyote viwili ni kweli. Lakini mbele ya uma na mbele ya shati kuna matope. Huyu bwana alikuwa bingwa wa Ufaransa mara 7 katika mashindano ya kinga ya nje ya barabara, yale ya kupita mashambani, porini na kwenye mitaro, yenye yanaitwa siklokrosi. Pale ndipo alijifunza mambo yenye yalimsaidia maisha yake yote: kuchagua meno ya kinga mbele ya kuondoka, kushuka kwa wakati wake, kubeba chuma begani na kuendelea.

Alizaliwa tarehe 22, mwezi wa 1, 1885, kule Malakoff, muji mdogo wenye kugusana na Paris upande wa kusini. Alipokuwa kijana akajifunza kazi ya kufuli. Kazi ile haikuwa ya funguo tu. Fundi wa kufuli wa wakati ule alijua moto, nyundo na tupa, alijua namna chuma kinalainika na namna kinakamata tena kikipoa. Alipofikisha miaka 19 alikuwa amekwisha kuanza kulipwa juu ya kukimbia na kinga. Mwaka wa 1906 akaingia Tour de France mara ya kwanza na akamaliza wa 9. Wenzake walimpa jina la Cri-Cri. Baadaye, juu ya masharubu yake marefu, wakamwita Mgaulwa Mzee, jina la wale wakaaji wa zamani wa Ufaransa mbele ya Waroma kuingia.

Siklokrosi ilikuwa bado changa. Mwanajeshi mmoja Mfaransa, Daniel Gousseau, alipenda kuendesha kinga porini, na mwaka wa 1902 akapanga mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Ufaransa. Wakimbiaji wa barabara wakaona faida mara moja. Wakati wa baridi barabara za Ulaya ni mbaya, mvua na barafu, na mtu akikaa nyumbani miezi mitatu anaharibika. Porini mwendo ni mdogo, basi upepo wa baridi haukukati sana; unashuka kinga, unakimbia, miguu inapata moto; na mikono inajifunza kushika usukani fasi yenye kuteleza. Octave Lapize, mwenye naye alijinoa kwenye matope yale, alishinda Tour ya 1910, ule mwaka wa kwanza wenye wakimbiaji walipelekwa kwenye milima mirefu ya Pyrénées. Tangu pale hakuna mtu alicheka tena wanaume wazima wenye kurukaruka mitaro na kinga mabegani.

Christophe alichukua ubingwa wa kwanza mwaka wa 1909. Akaushika 1910, 1911, 1912, 1913 na 1914. Miaka 6 mfululizo, mpaka vita ikaja kufunga kila kitu.

Ili kuelewa ubingwa ule, lazima kuelewa kinga yenyewe. Leo mtu mwenye kinga ya milima iko na vitesi 10 ao 12, anabonyeza kidole tu. Zamani zile kinga ya mashindano ilikuwa na hesabu moja: meno mangapi mbele, kwenye pedali, na meno mangapi nyuma, kwenye gurudumu. Ukiwa na meno 48 mbele na 16 nyuma, kila mzunguko mmoja wa pedali unazungusha gurudumu mara 3. Gurudumu la kinga ya mashindano linatembea karibu meta 2.1 kila likizunguka, basi pedali moja inakupeleka meta 6.3. Ukiweka 40 mbele na 20 nyuma, gurudumu linazunguka mara 2 tu: meta 4.2. Wafaransa walikuwa wanahesabu vile, kwa meta, na hesabu ile bado inafaa kwa kila kinga isiyo na vitesi, hata zile zenye kupanda milima ya Kivu na mikungu ya ndizi.

Kwenye barabara kavu ya tambarare, meta 6.3 ni kitu kizuri. Pedali 60 kwa dakika zinakupa karibu kilometa 23 kwa saa. Sasa peleka kinga ileile kwenye shamba lenye limelimwa, na mvua imenyesha usiku kucha. Mwendo unashuka mpaka kilometa 6 kwa saa. Pedali zinazunguka mara 16 tu kwa dakika, na kila moja ni sawa kuinua gunia. Goti linalia, mgongo unalia, kisha kinga inasimama na wewe unaanguka upande. Na meta 4.2, mwendo uleule unataka pedali 24 kwa dakika. Ni ngumu, lakini mtu mwenye nguvu anaweza. Ila ukitoka shambani na kufika barabarani, pedali 60 zinakupa kilometa 15 tu, na wenzako wanakupita wakati wewe unazungusha miguu sawa vile mtu anakimbizwa na nyuki.

Mgeni katika mchezo huu anaangalia kilima kikali kuliko vyote na anachagua meno ya kukipanda. Anakosea. Kile kilima kila mtu atakipanda kwa mguu, kinga iko begani. Meno yanachaguliwa kwa ile fasi ngumu ya mwisho yenye bado inafaa kubaki kwenye kiti. Yenye kuzidi pale, unashuka. Tena unashuka wakati kinga bado iko na mwendo: mguu wa kuume unapita juu ya kiti, unagusa udongo ukiwa tayari unakimbia, mkono unashika chuma cha katikati na kinga inaruka begani. Mwenye anangoja mpaka kinga isimame kabisa amekwisha kupoteza. Na meno mepesi sana yako na ubaya mwingine wenye mgeni hafikirie: nguvu ya mguu inafika kwenye gurudumu kwa kishindo, na gurudumu linateleza palepale kwenye matope, linachimba shimo bila kwenda mbele. Afadhali kitu kizito kidogo, na miguu yenye kujua kusukuma polepole bila kuruka.

Mpaka leo kuna watu wenye wanapenda kinga za mtindo wa zamani, za chuma na za vitesi moja, na wanakimbia nazo siklokrosi. Hesabu yao haiko mbali: gurudumu lizunguke mara 2 ao kupita kidogo kwa kila pedali, sawa 38 kwa 18 ao 42 kwa 20. Kama udongo ni mkavu wanaongeza uzito kidogo. Kama mvua imenyesha wanapunguza. Uamuzi unafanyika asubuhi, mbele ya kuanza, mtu akiwa ametembea njia yote kwa mguu na kuangalia fasi gani ataendesha na fasi gani atabeba. Kiisha pale hakuna kugeuza mawazo.

Katika Tour mambo yalikuwa karibu vile. Wakimbiaji walikuwa wanaweka meno pande mbili za gurudumu la nyuma: meno ya tambarare upande mmoja, meno ya mlima upande mwingine. Wakifika chini ya mlima wanasimama, wanafungua nati, wanatoa gurudumu, wanaligeuza, wanarudisha mnyororo na kufunga tena. Kule juu wanafanya hivyo tena, mara nyingine vidole vikiwa vimekufa juu ya baridi. Vyombo vya kubadili vitesi bila kushuka vilikuwa vimekwisha kuwako. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, mwenye watu walimwita Vélocio, alipiga kelele miaka mingi katika gazeti lake kwamba mtu mwenye akili anatumia vitesi. Henri Desgrange, mwenye alianzisha Tour, hakutaka kusikia. Kwake ushindi ulipaswa kutoka kwa misuli, si kwa chombo. Wakimbiaji wakubwa wa Tour hawakuruhusiwa kutumia chombo kile mpaka 1937, na hapo Christophe alikuwa ameacha kukimbia zamani.

Mtu mwenye amezoea kushuka na kubeba haogope siku mbaya. Tarehe 3, mwezi wa 4, 1910, kulikuwa mashindano ya Milano mpaka San Remo, kilometa karibu 290. Theluji ilianguka kwenye mlima wa Turchino mpaka barabara ikapotea. Wakimbiaji zaidi ya 60 waliondoka Milano. Christophe alifika fasi yenye tumbo na miguu vilikamatwa na baridi, akabaki anatetemeka kando ya barabara. Mtu mmoja mwenye alipita akamwingiza katika nyumba ya wageni, wakamvua nguo zenye maji, wakamfunga blanketi mbele ya moto. Wengine wenye walifika pale hawakutoka tena. Yeye alivaa suruali ndefu, akapanda kinga na kuondoka, na akaanza kupita wenye walikuwa mbele yake. Fasi theluji ilikuwa nyingi, aliisukuma kwa mguu. Alifika San Remo kiisha saa 12 na dakika 24, wa kwanza, na mwenye alimfuata alikuja saa nzima nyuma. Watu wenye walihesabiwa kumaliza ni wachache kuliko vidole vya mkono mmoja. Christophe alilala hospitali mwezi mzima juu ya mikono na mwili wenye baridi iliharibu, na ilimchukua muda mrefu kupona kabisa. Tour ya ule mwaka, yenye Lapize alishinda, hakuikimbia.

Mwaka wa 1912 alirudi akiwa na nguvu kupita mbele. Alishinda siku 3 zenye kufuatana, na moja kati ya hizo, kutoka Chamonix mpaka Grenoble, alikimbia peke yake mbele ya wote kwa kilometa 315. Lakini miaka ile Tour ilikuwa inahesabiwa kwa pointi, si kwa masaa. Ukimwacha mwenzako nyuma nusu saa ao nusu dakika, pointi ni zilezile. Mbelgiji Odile Defraye, mwenye ekipe yake ilifanya kazi vizuri, akashinda, Christophe akawa wa pili. Mwaka wenye ulifuata wenye Tour wakarudisha hesabu ya masaa. Ilionekana kwamba sasa ni zamu yake.

Basi tukafika siku yenyewe, mwezi wa 7, 1913. Njia ilikuwa Bayonne mpaka Luchon, kilometa 326 katika Pyrénées, na wakimbiaji waliondoka usiku, saa 9. Defraye, mwenye alikuwa mbele katika hesabu, alichoka na akaacha. Christophe na Mbelgiji mwingine, Philippe Thys, wakapanda Tourmalet, mlima wenye urefu wa meta zaidi ya 2,100. Thys alipita juu wa kwanza, Christophe dakika chache nyuma, na kwa hesabu ya Tour nzima Christophe ndiye alikuwa mbele. Akaanza kuteremka. Katika mteremko, uma wa mbele, kile chuma chenye kushika gurudumu, ukavunjika.

Kwa mtu wa leo hilo ni jambo dogo: gari la ekipe linakuja nyuma, linakupa kinga ingine, sekunde 20 unaondoka. Wakati ule sheria ilikataza. Kila mkimbiaji alipaswa kutengeneza kinga yake kwa mikono yake mwenyewe, bila msaada wa mtu yeyote, na wasimamizi walikuwa wanafuata kuchunguza. Christophe akaweka kinga begani, akachukua gurudumu mkononi, na akaanza kushuka mlima kwa mguu. Kilometa zaidi ya 10. Wenye alikuwa amewaacha nyuma wakampita mmoja mmoja. Vile anavyobeba kinga kwa dakika moja katika mashindano ya mashambani, sasa alibeba kwa masaa, na kwa viatu vyenye havikutengenezwa kwa kutembea juu ya mawe.

Alifika katika kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Wakamwonyesha karakana ya mfua chuma mmoja, mzee Lecomte. Mzee alitaka kumsaidia, lakini wasimamizi walikuwa wamesimama pale mlangoni. Alikuwa na ruhusa ya kumwambia tu namna ya kufanya. Basi fundi wa kufuli wa Malakoff akarudilia kazi yake ya ujana. Akapewa kipande cha chuma, akawasha moto, akakata, akapiga tupa, akaunganisha. Kazi ile inaomba mikono 3: mmoja wa kushika chuma, mmoja wa nyundo, mmoja wa kupuliza mvukuto ili moto usizimike. Yeye alikuwa na 2. Katoto kamoja ka kijiji, kavulana ka miaka 7 hivi, kakapuliza mvukuto. Watu wanasimulia kwamba msimamizi mmoja alilalamika njaa na akataka kwenda kutafuta chakula, na Christophe, bila kuinua kichwa, akamwambia akule makaa, sababu yeye ni mfungwa wao na wao watabaki askari wake mpaka mwisho.

Masaa 3 hivi yalipita katika karakana. Kinga ikasimama. Christophe akaweka mkate katika mifuko na akaondoka, na mbele yake kulikuwa bado milima miwili, Aspin na Peyresourde. Akafika Luchon karibu masaa 4 nyuma ya Thys. Ndipo wasimamizi wakafungua kitabu chao na kumpa azabu ya dakika 10, juu ya kale katoto na mvukuto. Baadaye azabu ikapunguzwa mpaka dakika 3.

Dakika zile 3 ao 10 hazikubadili kitu. Masaa yalikuwa yamekwisha kupotea. Lakini ndizo zinauma watu mpaka leo, na ni haki ziumize. Sheria ya kujitegemea ilikuwa na maana yake: viwanda vikubwa vya kinga vilikuwa na pesa, na bila sheria mtu wa ekipe ya tajiri angepewa kinga mpya kila mlima, na maskini mwenye anakimbia peke yake angebaki pale. Katika matope sheria ile ni ya haki kabisa. Umechagua meno mwenyewe, umeangalia njia mwenyewe, kama umekosea ni wewe. Lakini uma wenye kuvunjika katika mteremko mtu hakuuchagua asubuhi. Na kuhesabu pumzi ya mtoto wa miaka 7 kuwa msaada wenye kuharibu mashindano, hapo sheria ilikuwa imesahau kazi yake. Christophe alimaliza Tour ile wa 7. Thys ndiye alishinda.

Vita ya 1914 ikaja. Watatu kati ya wenye walikuwa wameshinda Tour hawakurudi: François Faber, Lucien Petit-Breton, na Octave Lapize, mwenye alikufa 1917 akiwa rubani wa ndege ya vita. Tour iliporudi mwaka wa 1919 Christophe alikuwa na miaka 34. Wakimbiaji 67 waliondoka Paris, kwenye barabara zenye hazikuwa zimetengenezwa miaka 5, na kinga zenye mipira mibaya sababu hakukuwa kitu cha kununua. Yeye akashika nafasi ya mbele. Watu kando ya barabara walikuwa wanauliza ni nani yuko mbele, sababu wote walikuwa na rangi moja ya vumbi. Desgrange akaamua kumvalisha wa mbele shati ya manjano, rangi ya karatasi ya gazeti lake L'Auto. Asubuhi ya tarehe 19, mwezi wa 7, kule Grenoble, Christophe akawa mtu wa kwanza kuivaa. Hakuipenda. Njiani watu walikuwa wanamcheka, wanamwita kandege ka manjano.

Zilibaki siku 2. Christophe alikuwa dakika 28 mbele ya Mbelgiji Firmin Lambot. Siku ile njia ilikuwa Metz mpaka Dunkerque, kilometa 468, ndiyo, kwa siku moja, kupita katika inchi yenye ilikuwa mstari wa vita mwaka mmoja tu nyuma. Barabara za mawe za kaskazini zilikuwa zimepondwa na mabomu. Karibu na Valenciennes, kule Raismes, uma wake ukavunjika tena.

Safari hii karakana haikuwa mbali. Akaingia, akatengeneza yeye mwenyewe, vile sheria ilikuwa bado inaomba. Lakini saa moja na zaidi ilipotea, na shati ya manjano ikaenda kwa Lambot. Siku ya mwisho mipira ikapasuka mara kwa mara. Alifika Paris wa 3, nyuma ya Lambot na Jean Alavoine. Watu 10 tu walihesabiwa kumaliza. Pale Wafaransa wakafanya kitu chenye hakikuwa cha kawaida: gazeti L'Auto likafungua mchango juu yake, na watu wakatuma pesa, wakubwa na wadogo, mpaka zaidi ya faranga 13,000. Mshindi alipaswa kupata faranga 5,000. Mwenye hakushinda akaenda nyumbani na nyingi kuliko mwenye alishinda.

Mtu angefikiri kwamba ataacha. Mwaka wa 1920 alishinda Paris–Tours, na Bordeaux–Paris, karibu kilometa 600 bila kulala. Hiyo ya pili akairudilia 1921. Na katika mwezi wa baridi wa 1921 akarudi matopeni na kuchukua ubingwa wa 7 wa Ufaransa, akiwa na miaka 36, miaka 12 kiisha ule wa kwanza. Pengine ubingwa huu ndio unaonyesha mtu zaidi ya ingine yote. Vijana walikuwa na miguu kupita yake. Lakini mashambani miguu haitoshi. Lazima kusoma udongo, kujua wapi utashuka na wapi utangoja pedali mbili tena, na hayo yanakuja na miaka.

Mwaka wa 1922 akavaa shati ya manjano tena, siku chache, akiwa na miaka 37. Mpaka leo hakuna mwenye ameivaa akiwa mzee kupita yeye. Kisha, katika mteremko wa Galibier, uma ukavunjika mara ya tatu. Akabeba tena, akatembea tena, akamaliza Tour wa 8. Hapo hata wapinzani wake hawakujua waseme nini.

Tour yake ya mwisho ilikuwa ya 1925, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya kukimbia. Alishuhudia vitesi vikiruhusiwa katika Tour, alishuhudia kinga za akiba zikiletwa na magari, na mwaka wa 1950 alishuhudia mashindano ya kwanza ya dunia ya siklokrosi, yenye yalifanyika Paris na Mfaransa Jean Robic akayashinda. Kule Sainte-Marie-de-Campan wakaweka kibao ukutani fasi ya karakana ya Lecomte. Alikufa tarehe 1, mwezi wa 2, 1970, akiwa na miaka 85.

Jina lake lilibaki pia katika fasi ingine, chini kabisa, kwenye pedali. Mkimbiaji wa siklokrosi mwenye anaruka kwenye kinga kiisha kubeba lazima mguu wake uingie palepale katika kile chuma na mkanda wa ngozi vyenye kuushikilia. Kama unakosa mara mbili, mtu anakupita. Vyuma vile na mikanda ile vilitengenezwa miaka mingi na jina Christophe limepigwa juu yake, na watu wenye hawajasikia hata siku moja habari ya Tourmalet walivifunga kila asubuhi. Wenye kutengeneza kinga za zamani bado wanavitafuta.